Shajara ya mradi: mauntingi ya injini ya IST, uani kwangu, kwa zana za mkono

Gari ni Toyota IST ya mwaka 2004, chesisi NCP60, injini 2NZ-FE ya cc 1,300, gia otomatiki. Mauntingi ni vile vikalio vya chuma na mpira vinavyoshikilia injini kwenye bodi. Kazi yake ni kutoka Tabata kwenda mjini Dar es Salaam na kurudi, maana yake linakaa kwenye foleni ya barabara ya Mandela kuliko linavyotembea. Hapo ndipo ugonjwa ulipo: likisimama na gia iko D (ya kwenda mbele), usukani unatetemeka mkononi na kioo cha ndani kinachezacheza hadi namba za gari la nyuma hazisomeki. Ukitoa D kwenda R (ya kurudi nyuma), kuna kishindo kimoja kizito chini ya miguu ya dereva.

Sina lifti, sina kompresa, sina winchi ya kunyanyulia injini. Nina ua wa saruji, jeki na spana. Nitaongeza sehemu kila hatua ikiisha, na bei naziweka kama nilivyolipa, kwa shilingi ya Tanzania.

Jumamosi, 26 Julai 2025: Kutafuta ugonjwa

Fundi wa kwanza niliyemuuliza alisema mauntingi zote tatu zimekufa, nilete 260,000 ya seti nzima pamoja na ufundi. Wa pili akasema ni plagi. Hakuna aliyefungua boneti.

Kutetemeka kuna baba wengi, kwa hiyo nilianza na vya bei ndogo. Plagi nilizitoa zote: rangi ya kahawia hafifu, hazina oili, pengo zuri. Nikazirudisha. Throto, ule mlango wa hewa ya injini, ilikuwa na utando mweusi ukingoni. Nikaisafisha kwa dawa ya kopo (10,000). Mngurumo ulitulia kidogo, lakini tetemeko la D halikuondoka.

Jambo lililonisaidia zaidi ni kulinganisha. Injini inayokosa moto kwenye silinda mojawapo hutetemeka hata ukiwa N (gia huru), na mdundo wake haulingani, utausikia kwenye ekzosi. Langu likiwa N linatulia karibu kabisa. Nikiweka D tetemeko linaingia, nikiwasha AC linazidi. Hiyo ni dalili ya injini inayofanya kazi sawasawa ila imekaa vibaya.

Jaribio la pili linahitaji mtu wa kukaa kwenye usukani. Mawe mbele na nyuma ya matairi, hendibreki juu, mguu wa mdogo wangu umekanyaga breki hasa, boneti wazi. Mimi nilisimama ubavuni, kwenye madigadi, na mbele ya gari hakuna mtu wala mtoto. Akaweka D, akagusa mafuta kidogo sana, akarudi N, akaweka R. Injini iliyolazwa kwa upana kama hii, gari likivuta mbele kichwa chake huegemea nyuma, na likirudi nyuma huegemea mbele. Kuegemea kidogo ni kawaida. Ya kwangu upande wa kulia ilikuwa inanyanyuka na kutua, na kila ikitua, "ko!"

Kisha tochi. IST ina mauntingi tatu: ya kulia iko upande wa cheni ya injini, karibu na shokapu ya dereva, unaiona ukifungua boneti tu, ya kushoto iko chini ya betri, inabeba giaboksi, ya nyuma iko chini, kati ya injini na ukuta wa kabini. Ya kulia na ya kushoto zinabeba uzito, ya nyuma inazuia injini kujipindua. Ile ya kulia ilijieleza yenyewe: mpira una ufa unaozunguka nusu, na chini yake kuna mchirizi mweusi uliokauka hadi kwenye bodi, vumbi limeshikana juu yake kama ugoro. Mchirizi huo si oili ya injini. Mauntingi ya kulia ya gari hili si mpira mtupu. Ndani ina vyumba viwili vya kimiminika vinavyowasiliana kwa njia nyembamba. Injini ikitikisika, kimiminika kinalazimika kupenya njia hiyo, na tetemeko linakufa humo. Kikishavuja, kilichobaki ni mpira uliochoka na chuma kinachogonga chuma.

Kushoto na nyuma nilizichokonoa kwa mtaimbo, taratibu. Kushoto imeshika vizuri. Nyuma ina nyufa za juu juu lakini haijaachana. Uamuzi: ya kulia peke yake.

Jumapili, 27 Julai 2025: Zana, na dawa ya kutu

Zilizohitajika: soketi namba 12, 14 na 17, racheti na ekstensheni mbili, spana za ringi za namba hizohizo, bomba la chuma la kurefushia mpini, brashi ya waya, jeki, ubao.

Soketi yangu ya 17 ilikuwa ya pembe kumi na mbili. Kwenye nati iliyoshika kutu hiyo inakula kona badala ya kufungua, kwa hiyo nilinunua ya pembe sita (8,000). Ukibana matumizi kote, hapa usibane. Nati ikishakuwa duara, kazi ya mkono imeisha na unamwita mtu wa mashine ya kuchomelea.

Ubao ni kipande cha mninga, upana wa kiganja na unene wa vidole vitatu. Huu unakaa kati ya jeki na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Sampu ya chini ya injini hizi ni bati jembamba, na chujio la kunyonyea oili liko karibu sana na sakafu yake. Ukiipiga jeki bila ubao unaibonyeza, na oili inaanza kupanda kwa shida bila wewe kujua. Ubao wa mti laini unapasuka. Mninga, mkongo, chochote kigumu. Na usiuweke kwenye boliti ya kumwagia oili.

Nati na boliti zote za mauntingi nilizipiga brashi ya waya, nikazipulizia WD-40 (kopo dogo 9,000), na kazi hiyo niliirudia kila jioni wiki nzima. Mwisho nikachora mzingo wa mauntingi kwenye bodi kwa rangi ya kucha. Mashimo ya bodi yana nafasi ya kucheza, na bila alama hutajua mauntingi ilikaa wapi mwanzo.

Jumamosi, 2 Agosti 2025: Kununua

Kariakoo muuzaji wa kwanza alinitolea mauntingi ya Vitz. "Kaka, IST na Vitz ni baba mmoja mama mmoja, funga tu."

Ni kweli magari hayo ni ndugu, lakini undugu huo una masharti. Vitz ya zamani yenye chesisi SCP10 ina injini ya 1SZ-FE, familia nyingine kabisa. NCP10 ndiyo yenye 2NZ-FE kama yangu. Kwenye namba hizi, herufi za mwanzo zinakuonyesha familia ya injini: NCP ni NZ, SCP ni SZ. Kwa hiyo kabla hujaondoka nyumbani piga picha kile kibati cha kwenye ukuta wa injini chenye namba ya chesisi na aina ya injini. Hata ndani ya IST zenyewe kuna NCP60 ya cc 1,300, NCP61 ya cc 1,500 na NCP65 ya kuvuta magurudumu manne. Ukimwambia muuzaji "IST" tu, umemwachia akuchagulie.

Kitu kingine cha kubeba ni namba ya spea. Kwa Toyota, tarakimu tano za mwanzo zinasema kifaa ni kipi: 12305 ni mauntingi ya kulia, 12372 ya kushoto, 12371 ya nyuma. Tarakimu zinazofuata dashi ndizo zinazotofautisha modeli. Anayetafuta vitabu vya ufundi atasaidika kujua kwamba gari hili liliuzwa Marekani kwa jina la Scion xA. Injini ya kule ni 1NZ-FE ya cc 1,500, hivyo usichukue kila kipimo kama kilivyo.

Mauntingi ya kiwandani kwa oda ilitajwa bei iliyozidi mara nne ya zile za kwenye rafu. Nikachukua ya rafuni, mpya, ndani ya boksi, 65,000. Mashimo nilipima kwa rula nikalinganisha na vipimo nilivyochukua kwenye gari, yakakubali. Mpira unang'aa, chuma kimepakwa rangi nyeusi safi. Ilipendeza machoni.

Jumapili, 3 Agosti 2025: Kufungua na kufunga

Gari kwenye saruji, injini ya baridi, P, hendibreki, mawe. Kwa mauntingi ya kulia huna haja ya kunyanyua gari wala kulala chini yake; unaingiza jeki kutoka mbele tu. Nilitoa kwanza vilivyo njiani, dakika chache. Kama kwako kuna waya wa eathi umebanwa na boliti mojawapo, utie alama, maana ukisahaulika utatafuta ugonjwa wa umeme usiokuwepo.

Jeki niliyoanza nayo ni ya toroli, ya mafuta, niliyoazima kwa jirani. Niliinua mpaka ubao ukagusa sampu, kisha kidogo kidogo huku jicho likiwa kwenye mauntingi. Unachotafuta ni ule mwanya wa kwenye mpira kuanza kufunguka: hapo uzito umehamia kwenye jeki. Ukiona pua ya gari inapanda, umepitiliza.

Boliti za upande wa bodi zilitoka kwa racheti bila ugomvi. Zile jioni za WD-40 zililipa. Upande wa injini, kwenye breketi (chuma kinachounganisha injini na mauntingi), nati moja ilitoka. Ya pili ilikataa. Nikaweka spana ya ringi, nikaingiza bomba, nikaegemea. Ikalia kwa sauti kali, ikazunguka. Nikashangilia mapema. Kilichokuwa kinazunguka ni stadi yote (boliti isiyo na kichwa, iliyoingia kwenye breketi), nati imeng'ang'ania juu yake, zikatoka pamoja.

Hii hutokea sana na si msiba, mradi nyuzi za breketi zimebaki nzima. Niliishika stadi kwenye jiliwa kwa kipande cha bati la alumini ili isiumie nyuzi, nikaipasha moto nati kwa jiko dogo la gesi ya kupikia, nikafungua. Kuirudisha stadi kwenye breketi: funga nati mbili juu yake, zikaze zenyewe kwa zenyewe hadi zigande, kisha ingiza stadi kwa kuzungusha ile nati ya juu. Ikikaa, zitenganishe. Nati mpya na washa za springi nilinunua jirani kwa 2,000.

Wakati nahangaika na stadi, jeki ya toroli ilikuwa inafanya mambo yake. Sili zake zimechoka. Niliporudi kwenye gari, injini ilikuwa imeshuka upande wa kulia, imelala kwenye mauntingi mbili zilizobaki, na hosi ya juu ya rejeta imevutwa imekuwa kama kamba ya kuanikia nguo. Hakuna kilichokatika. Niliinua taratibu, kisha nikaitoa jeki hiyo kabisa na kuweka jeki ya mkasi, ile ndogo inayokuja na gari chini ya buti.

Nasisitiza hili kwa atakayefuata: kwa kazi hii jeki ya mkasi ni bora kuliko ya toroli. Inakwenda kwa skrubu, haina mafuta ya kuvuja, inabaki pale ulipoiacha. Zaidi ya hayo, nusu mzunguko wa mpini unainua injini milimita chache tu, na kazi yote iliyobaki ni ya milimita. Jeki ya toroli ukiifungulia inashuka kwa pupa.

Mauntingi ya zamani ilitoka. Nilipoigeuza yalidondoka matone ya maji ya kahawia, basi. Ufa niliouona nje ulikuwa umezunguka zaidi ya nusu ya mpira kwa ndani.

Mpya ikaingia bodini bila shida, lakini mashimo yake na stadi za breketi yakapishana. Hapa ndipo wengi wanapochukua mtaimbo. Jirani yangu, mzee aliyestaafu ufundi bodi, alikuwa amesimama na kikombe chake cha chai.

"Kijana, hiyo injini unaipigia nini?"

"Haikai, mzee. Imepishana kidogo."

"Sasa si uipandishe hiyo jeki kidogo? Boliti ikiingia kwa vidole umefika. Ikidai spana, hujafika."

Nikafanya hivyo. Robo mzunguko wa jeki juu, natikisa injini kwa mkono mbele nyuma, naijaribu boliti kwa vidole. Haijaingia, robo nyingine. Ikifika mahali pake boliti inaingia yenyewe kama imepakwa sabuni. Boliti zote na nati zote zikaingia kwa vidole kabla spana haijagusa hata moja. Kidole chako kisikae kati ya breketi na mauntingi wakati wowote, hata kama jeki ni ya mkasi.

Kukaza nilitumia spana ya kupimia nguvu ya rafiki. Namba ya kukazia ichukue kwenye kitabu cha gari lako lenyewe.

Kuwasha: kishindo cha R na D kimetoweka. Nikalala vizuri.

Jumatano, 6 Agosti 2025: Mpya imeshindwa

Asubuhi ya Jumatatu kwenye foleni, tetemeko lilikuwepo. Si lilelile. La zamani lilikuwa zito na la polepole. Hili ni la haraka, jembamba, linapita kwenye bodi nzima. Dashibodi ya plastiki inalia "zzzz", mlango wa kisanduku cha mbele unaimba. Ukiwasha AC, hata kiti kinashiriki.

Shaka yangu ya kwanza ilikuwa mkao. Injini ikikazwa ikiwa imevutwa upande, mpira unabaki umejinyonga na unapitisha mtikisiko wote kwenye bodi. Dawa yake ni hii: jeki ibebe uzito kidogo, boliti na nati zilegezwe zote bila kutolewa, injini itikiswe kwa mkono mpaka itafute mahali pake. Kisha zibanwe kiasi, jeki iondolewe, injini iwashwe na kupitishwa N, D na R kwa mguu kwenye breki, izimwe, ndipo ukaze kabisa. Nilifanya jioni hiyohiyo, kwa taa ya simu. Ilipungua kidogo, siwezi kusema haikupungua. Lakini dashibodi iliendelea kulia.

Shaka ya pili ilikuwa spea yenyewe. Niliichukua ya zamani iliyokufa nikaiweka mezani, nikabonyeza mpira wake kwa kidole gumba: unaingia. Nikabonyeza ile mpya ilipo kwenye gari: kama soli ya buti la mgambo. Na sasa nikakumbuka kwamba siku ya kununua nilipoitikisa sikioni haikutoa sauti yoyote. Hilo peke yake si ushahidi, kwa sababu mauntingi nzima iliyojaa kimiminika vizuri haitoi sauti pia. Ugumu ndio ushahidi. Mtengenezaji ameiga umbo, mashimo na rangi, ndani akajaza mpira mgumu.

Nilirudi dukani nikiwa na risiti. Jibu: spea ikishafungwa hairudi. Tangazo lenyewe liko ukutani, kweli lipo. Sikugombana.

Mauntingi ya namna hii si kwamba haibebi. Inabeba, na pengine itadumu kuliko zote. Aliye na pikapu ya kubebea mchanga anaweza asijali. Kwa gari linalokaa foleni saa nzima, ni adhabu.

Ijumaa, 8 Agosti 2025: Nane Nane, mauntingi ya mtumba

Sikukuu, lakini Ilala baadhi ya vibanda vya spea used vilikuwa wazi. Nilichokuwa nakitafuta ni mauntingi ya kiwandani iliyotoka kwenye gari la Japani, ya NCP60, hata kama ina miaka.

Namna nilivyochagua, kwa kuwa muuzaji alimwaga rundo zima chini:

Kwanza namba: yenye 12305 iliyosomeka, na umbo sawa na picha yangu. Zilizokwanguliwa namba niliziweka kando. Pili unyevu: nilipitisha kidole kuzunguka mshono wa mpira na chuma. Ikiwa na utelezi au vumbi lililoganda kwa mchirizi, imevuja. Hapa nyingi zilianguka, na jihadhari na zilizosafishwa kwa petroli zikang'aa kupita kiasi. Hizo nilizikunja kwa mikono miwili kuona kama mshono utafunguka. Tatu kimo: nilizisimamisha mbili mbili sakafuni, nikachuchumaa nikatazama chuma cha katikati kiko juu kiasi gani. Iliyochoka chuma chake kimezama. Nne gumba: mpira uingie na urudi taratibu. Unaorudi kwa kuruka haraka una mashaka.

Ilibaki moja niliyoiamini. Alianza na 70,000, tukaishia 45,000. Nilimwomba aniandikie kwenye risiti "NCP60 kulia" na kwamba ikivuja ndani ya wiki atabadilisha. Aliandika bila kinyongo.

Mchana huohuo niliifunga. Sasa kazi ni nyepesi: boliti hazina kutu, stadi iko mahali pake, jeki ni ya mkasi, alama za rangi ya kucha zinaonekana. Mauntingi iliingia ndani ya mchoro wa mwanzo karibu sawasawa, jambo ambalo ile mpya haikufanya. Ile ilikuwa imejisogeza kando kwa unene wa sarafu. Boliti kwa vidole, kubana kiasi, kuondoa jeki, kuwasha, N, D, R, kuzima, kukaza.

Nilikwenda hadi Ubungo na kurudi, nikisimama kwa makusudi kwenye mataa na AC imewashwa. Dashibodi kimya. Kwenye kioo, namba za gari la nyuma nazisoma. Usukani una uhai kidogo ukiwa D, kama gari lolote la silinda nne la umri huu, na mimi hilo sina ugomvi nalo.

Jumapili, 24 Agosti 2025: Ukaguzi, msumeno, na hesabu

Injini ikiwa baridi nilipita kila nati kwa spana ya kupimia. Zote zilikuwa palepale isipokuwa ya kwenye ile stadi iliyong'oka, ambayo ilikubali mzunguko mdogo. Stadi iliyowahi kutoka hukaa upya, iangalie mapema. Mshono wa mauntingi ni mkavu, vumbi lake ni la kawaida, linafutika.

Kwa kuwa nilikuwa na mauntingi mbili zisizo na kazi, nilizibana kwenye jiliwa nikazikata katikati kwa msumeno wa chuma. Ya zamani ya kiwandani: koni ya mpira juu, chini yake uwazi, halafu sahani yenye mfereji mwembamba unaozunguka pembezoni, na chini kabisa utando laini kama mpira wa puto. Mfereji ule ulikuwa na tope la kahawia lililokauka. Ya boksi ya 65,000: chuma, mpira mweusi kutoka juu hadi chini, na pango dogo la hewa katikati, pengine la kupunguza mpira. Hakuna sahani, hakuna mfereji, hakuna tone. Mdogo wangu aliuliza kama tunaweza kuirudisha dukani vipande vipande.

Hesabu: dawa ya throto 10,000, soketi 8,000, WD-40 9,000, mauntingi ya boksi 65,000, nati na washa 2,000, mauntingi used 45,000, nauli 7,000. Jumla 146,000. Ukitoa ile ya boksi ni 81,000, na hiyo ndiyo bei ya kazi hii kwa atakayeanzia Ilala moja kwa moja. Soketi imebaki kwenye boksi la zana.

Mauntingi ya nyuma bado ina zile nyufa. Nimeitazama tena kwa tochi huku mdogo wangu akipitisha D na R: mpira unanyumbuka lakini haujaachana na chuma, na kishindo hakuna, kwa hiyo naiacha. Ikifika zamu yake nitaongeza hapa. Hiyo haifikiki kwa juu. Gari litapaswa kunyanyuliwa mbele na kukaa kwenye stendi mbili imara, na stendi bado sijanunua.